Kifungu kilichofutwa: Marekani na uchunguzi wa maiti hospitalini

Tarehe 30 Septemba 2019 serikali kuu ya Marekani ilichapisha kanuni ndefu yenye lengo la kuzipunguzia hospitali mzigo wa makaratasi. Kati ya mabadiliko kuhusu mipango ya dharura, vipimo kabla ya upasuaji mdogo na mengine ya namna hiyo, kulikuwa na kifungu kimoja kilichoondolewa chote. Kilisema kwamba madaktari wa hospitali wajaribu kupata uchunguzi wa maiti katika vifo vyote visivyo vya kawaida, na katika vifo vyenye uzito wa kisheria au wa kielimu. Kilitaka pia hospitali iwe na utaratibu wa kuandika ruhusa ya ndugu, na wa kumjulisha daktari aliyemtibu marehemu kuwa uchunguzi unafanyika. Kuanzia 29 Novemba 2019 kifungu hicho hakikuwapo tena.

Kwa aliye nje ya fani hili ni jambo dogo, na hata walio ndani wangeweza kusema kifungu chenyewe kilikuwa dhaifu. Neno lake kuu lilikuwa “wajaribu”. Hospitali iliyomwomba ruhusa mjane mara moja, kwa haraka, kwenye korido, ikakataliwa, ilikuwa imejaribu. Lakini kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kinaonyesha jinsi sera inavyoweza kuua huduma bila kuipiga marufuku hata siku moja. Hakuna sheria ya Marekani iliyowahi kukataza kumchunguza aliyekufa wodini. Kilichotokea ni kwamba kwa miaka karibu 50 kila aliyekuwa na uwezo wa kuilazimisha au kuilipia kazi hiyo alijitoa, mmoja baada ya mwingine.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na ambayo hata serikali iliyachanganya, kama tutakavyoona. Kuna uchunguzi wa maiti unaoamriwa na dola: mtu kapigwa risasi, kaokotwa mtoni, kafa ghafla na haijulikani kwa nini. Huo hufanywa na ofisi ya mchunguzi wa vifo ya jimbo au wilaya, hauhitaji ridhaa ya ndugu, na unalipiwa na kodi. Halafu kuna ule wa hospitali: mgonjwa amelazwa, ametibiwa, amefariki, cheti kinasema nimonia au moyo, na daktari au familia inataka kujua kama kweli ilikuwa hivyo. Huu wa pili unahitaji ridhaa, na polisi hawaingii. Ndio uliokuwa ukiwafundisha madaktari kazi yao, na ndio ulioporomoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 karibu nusu ya waliofia hospitalini Marekani walifanyiwa uchunguzi. Chombo kilichokuwa kikizipa hospitali ithibati, kilichoundwa mwaka 1951, kiliweka kiwango cha chini: 20% ya vifo kwa hospitali za kawaida na 25% kwa hospitali za kufundishia. Hospitali iliyoshuka chini ya hapo ilijiweka pabaya, na kukosa ithibati si jambo la mzaha katika nchi ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chombo hicho kikaondoa kiwango. Hoja iliyotolewa haikuwa ya kijinga: idadi peke yake haina maana, hospitali zilikuwa zikichunguza maiti ili kujaza hesabu tu, heri kuchagua vifo vyenye funzo. Maneno mazuri. Ila waliotoa takwa la idadi hawakuweka takwa lingine lenye meno mahali pake.

Yaliyofuata yamo kwenye takwimu za kitaifa za vyeti vya vifo. Mwaka 1972 vifo vilivyofanyiwa uchunguzi, vya aina zote mbili kwa pamoja, vilikuwa 19.3%. Mwaka 2007 vilikuwa 8.5%. Ukiishia hapo utadhani kila kitu kilipungua nusu. Zigawanye namba hizo kwa chanzo cha kifo, sura inabadilika kabisa: kwa waliokufa kwa ajali, kuuawa, kujiua au sumu, uchunguzi ulipanda kutoka 43.6% hadi 55.4%, kwa waliokufa kwa maradhi ulishuka kutoka 16.9% hadi 4.3%. Kwa hiyo dola iliendelea na kazi yake na hata kuiongeza, huku hospitali zikiiacha yao. Na kuna jambo ambalo mimi naliona zito kuliko asilimia zenyewe: kati ya 1995 na 2002 takwimu za kitaifa za uchunguzi wa maiti hazikukusanywa. Miaka minane mizima, katika nchi inayohesabu karibu kila kitu.

Kwa nini ilishuka? Jibu linalotolewa haraka ni mashine. CT na MRI zimekuja, tunaona ndani ya mwili mgonjwa akiwa hai, ya nini kumpasua akishakufa? Jibu la pili ni woga wa kesi: daktari anaogopa kilichojificha kitoke na kiende mahakamani. La tatu ni familia, kwamba watu hawataki mpendwa wao akatwe. Yote yana ukweli. Lakini fuata pesa kwanza.

Medicare ni bima ya serikali kwa watu wa miaka 65 na zaidi, yaani kundi ambalo ndimo watokamo wengi wa wanaofia hospitalini. Katika mfumo wa Medicare, gharama ya uchunguzi wa maiti huhesabiwa kuwa imo ndani ya malipo ya jumla ambayo hospitali hupewa. Hakuna malipo ya pekee kwa kila maiti iliyochunguzwa. Maana yake ni kwamba hospitali hulipwa kilekile ifanye au isifanye, na isipofanya inabaki na fedha. Mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayechunguza maiti na vipande vya mwili maabara, naye yuko katika hesabu hiyohiyo. Kila kipande cha nyama kilichokatwa kwa mgonjwa aliye hai na kuletwa maabara kina ankara yake. Maiti haina ankara. Itamchukua saa kadhaa mezani, kisha siku za darubini na kuandika ripoti, huku vipande vya walio hai vikirundikana. Si lazima mtu huyu awe mvivu au mwenye roho mbaya ili uchunguzi wa maiti uwe jambo la mwisho kwenye orodha yake. Bima binafsi nazo kwa kawaida hazilipi. Familia inayotaka kujua, ikiambiwa na hospitali kwamba huduma hiyo haipo, huenda kwa mtaalamu binafsi, na bei inayotajwa mara nyingi ni dola 3,000 hadi 5,000. Hapo wanaojua kilichomuua baba yao ni wale wenye uwezo.

Kuhusu familia kukataa, nina shaka na jinsi lawama hiyo inavyotolewa. Ridhaa inategemea sana nani anaomba na anaomba vipi. Katika hospitali nyingi kazi hiyo huachiwa daktari mdogo kuliko wote, saa nane za usiku, mtu ambaye yeye mwenyewe huenda hajawahi kuona uchunguzi wa maiti ukifanywa na hawezi kueleza kama jeneza litaweza kufunguliwa siku ya mazishi (kwa kawaida linaweza). Wapo wenye pingamizi la kidini, na majimbo kama New York, New Jersey na California yana sheria zinazolinda pingamizi hilo hata mbele ya mchunguzi wa dola. Lakini pingamizi la dini halikuanza mwaka 1970. Kilichoanza wakati huo ni hospitali kutokuwa na sababu ya kuomba.

Uingereza ilifika mahali palepale kwa njia nyingine, na inafaa kuitaja ili tusidhani pesa ndiyo kila kitu. Huko matibabu yanalipiwa na serikali. Lakini mwaka 2001 ilitolewa ripoti ya uchunguzi kuhusu hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, iliyoonyesha kuwa viungo vya watoto waliokufa vilitolewa na kuwekwa bila wazazi kujua. Hasira ya wazazi ilikuwa halali kabisa. Sheria ya tishu za binadamu ya mwaka 2004 ikafuata, na ridhaa ikawa na fomu ndefu na masharti makali. Kufikia 2013 uchunguzi wa ridhaa katika hospitali za Uingereza ulikuwa wastani wa 0.69% ya vifo, na takriban robo ya taasisi zake za hospitali hazikufanya hata mmoja.

Turudi kwenye hoja ya mashine, maana ndiyo ingeweza kuhalalisha yote haya. Ikiwa CT imeondoa makosa, basi uchunguzi wa maiti umeisha muda wake na hakuna haja ya kuulilia. Hilo linapimika, na limepimwa. Mwaka 1912 Richard Cabot wa Boston alichapisha ulinganisho wa maiti 3,000 na yale madaktari waliyokuwa wameandika, akaonyesha jinsi maradhi mengi ya kawaida yalivyopita bila kutambuliwa. Madaktari wenzake hawakufurahi. Mwaka 1983 Lee Goldman na wenzake, nao wa Boston, walichukua maiti 100 za mwaka 1960, 100 za 1970 na 100 za 1980 kutoka hospitali moja ya kufundishia. Ndani ya miaka hiyo 20 hospitali ilikuwa imepata vipimo vipya vya picha ambavyo awali havikuwapo. Katika kila muongo, karibu 10% ya maiti zilikuwa na ugonjwa mkubwa ambao haukujulikana na ambao, kama ungejulikana, matibabu yangebadilika na huenda mgonjwa angeishi zaidi. Kiwango hakikushuka. Maambukizi yaliyosambaa mwilini bila kutambuliwa ndiyo kwanza yaliongezeka.

Msomaji makini atauliza hapa: maiti zinazochaguliwa si ndizo zenye utata? Daktari asiye na shaka haombi uchunguzi, kwa hiyo makosa yataonekana mengi kuliko yalivyo. Ni swali zuri, na ndilo linalofanya kazi ya Kaveh Shojania na wenzake ya mwaka 2003 iwe ya thamani. Walikusanya tafiti 53 na kukadiria jinsi kiwango cha makosa kinavyobadilika kadiri maiti nyingi zaidi zinavyochunguzwa. Kwa hospitali ya Marekani inayochunguza 5% tu, makosa makubwa yangeonekana katika 24.4% ya maiti. Lau kila aliyekufa angechunguzwa, upendeleo wa kuchagua ungeondoka, na makosa yangekuwa 8.4%. Yale mabaya zaidi, ambayo huenda yaligharimu uhai, yangekuwa 4.1%. Walikuta pia kwamba makosa yamekuwa yakipungua kadiri miongo inavyopita. Kwa hiyo wanaosema tiba imepiga hatua wana haki. Ila 4.1% ni watu 41 katika kila vifo 1,000, na hakuna njia nyingine ya kuwajua kwa hakika ni akina nani.

Kuna mantiki moja ya kinyume hapa ambayo naipenda. Uchunguzi wa maiti ukishuka sana, daktari anabaki na imani kwamba anapatia, kwa sababu hakuna anayemwambia amekosea. Imani hiyo inakuwa sababu ya kutoomba uchunguzi unaofuata. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba madaktari hawana uwezo mzuri wa kubashiri ni maiti ipi itawashangaza: hata katika vifo walivyokuwa na uhakika navyo, yasiyotarajiwa hutokea.

Sasa tusome hoja ya kukifuta kile kifungu, ya mwaka 2018, pendekezo lilipotolewa, na 2019, lilipopitishwa. Wakala unaosimamia Medicare ulisema kwamba takwa hilo ni marudio, kwa kuwa majimbo yana sheria zao za uchunguzi wa maiti, na hospitali zitaendelea kufuata sheria za jimbo. Hapa ndipo zile aina mbili zinapochanganywa. Sheria za majimbo zinahusu hasa vifo vya mashaka, vile vinavyokwenda kwa mchunguzi wa dola. Kuhusu mzee aliyefia wodi ya moyo baada ya siku tisa za matibabu, sheria za majimbo kwa kawaida zinaeleza nani anaweza kutoa ridhaa, lakini haziiambii hospitali iombe. Kwa hiyo takwa la serikali kuu halikuwa marudio ya kitu. Dhaifu lilikuwa, lakini lilikuwa peke yake. Wataalamu wa patholojia waliandika kupinga, na hawakusikilizwa.

Na faida? Wakala ulikadiria kwamba kanuni nzima, pamoja na mabadiliko mengine yote, ingeokoa takriban dola bilioni 8 katika miaka 10. Ni vigumu kuona kifungu hiki kilichangia nini cha maana katika kiasi hicho. Kazi ambayo hospitali nyingi zilikuwa tayari hazifanyi haiwezi kuokoa pesa kwa kufutwa. Kwa maoni yangu kilifutwa kwa sababu kilikuwa rahisi kufuta: wafu hawapigi kura, na wafiwa hawana chama.

Muda haukupita mrefu. Mwanzoni mwa 2020 watu walianza kufa kwa Uviko-19, na hakuna daktari popote duniani aliyejua ugonjwa unaua vipi. Ujerumani, Taasisi ya Robert Koch, chombo cha serikali cha kudhibiti maradhi, mwanzoni ilishauri maiti hizo zisipasuliwe kwa hofu ya maambukizi. Wataalamu wa jiji la Hamburg hawakufuata ushauri huo. Katika maiti 12 za kwanza walizochunguza, 7 zilikuwa na mabonge ya damu kwenye mishipa ya ndani ambayo hayakushukiwa wakati wa uhai, na wagonjwa 4 waliuawa moja kwa moja na bonge lililoziba mapafu. New Orleans nako, kikundi cha wataalamu wa patholojia kilichunguza maiti 10 za Wamarekani weusi na kukuta mabonge madogo katika mishipa midogo ya mapafu. Kwa daktari wa wodini hayo hayakuwa maarifa ya kuwekwa kabatini. Yaliongezea nguvu swali la nani apewe dawa ya kuzuia damu kuganda na kwa kiasi gani, swali lililokuwa likibishaniwa wiki hizohizo. Hospitali zilizoweza kufanya hivyo ni zile ambazo hazikuwa zimefunga chumba chao, hazikuwa zimeuza meza na kumwacha mhudumu wa mochwari aende. Uwezo huo haununuliwi wakati wa dharura.

Huku kwetu upande wa mashariki ya Afrika jambo hili lina njia yake. Hospitali Kuu ya Maputo ilichunguza maiti za wanawake 139 waliofariki kwa uzazi kati ya 2002 na 2004. Katika 40.3% kulikuwa na kosa kubwa la utambuzi. Kosa lililojirudia lilikuwa kifafa cha mimba: mama anapata degedege, inaandikwa kifafa cha mimba, kumbe ni malaria kali, homa ya uti wa mgongo au maambukizi mengine yanayotibika. Ni chini ya nusu tu ya walioandikiwa kifafa cha mimba ambao kweli kiliwaua. Fikiria wizara inayopanga dawa na mafunzo kwa kutegemea vyeti hivyo. Kutoka Maputo ilikua mbinu ya kutumia sindano kuchota sampuli za mapafu, ini, ubongo na damu bila kuupasua mwili, na mtandao wa CHAMPS unaitumia kutafuta vyanzo vya vifo vya watoto, ikiwemo Siaya na Manyatta, Kisumu. Hukamilika kwa muda mfupi na mwili unabaki mzima, kwa hiyo familia inayotaka kuzika upesi ina nafasi ya kukubali. Mbinu hiyo si badala kamili. Sindano inaweza kukosa bonge la damu au mshipa uliopasuka, ambavyo ndivyo hasa vinavyofichika kwa wazee wa Marekani. Kwa maambukizi inafanya kazi vizuri sana.

Marekani yenyewe ilishapewa ushauri kabla ya 2019. Taasisi ya Tiba, katika ripoti yake ya mwaka 2015 kuhusu makosa ya utambuzi, ilipendekeza serikali ifadhili hospitali chache zilizoteuliwa zifanye uchunguzi kwa sampuli wakilishi ya wanaofariki. Hiyo ingetibu magonjwa mawili kwa pamoja: pesa ingekuwepo, na maiti zisingechaguliwa kwa shaka za daktari. Pendekezo hilo linakubali pia kile ambacho waliofuta kiwango miaka ya 1970 walikuwa sahihi kukisema, kwamba kumchunguza kila mtu si lazima. Sampuli ndogo iliyochukuliwa kwa bahati nasibu ina thamani kuliko 20% ya kujaza hesabu. Miaka minne baadaye, kilichofanyika ni kufuta kifungu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wafanyakazi. Kwa miaka mingi anayesomea ubingwa wa patholojia Marekani alitakiwa kushiriki uchunguzi wa maiti 50 kabla ya kumaliza, na hospitali nyingi hazina maiti za kutosha. Wanafunzi wawili hugawana maiti moja na kila mmoja akahesabiwa, au wanapelekwa kwa miezi kadhaa ofisi ya mchunguzi wa dola, ambako mezani kuna risasi, ajali za magari na waliozidisha dawa za kulevya. Huko mtu anajifunza mengi, lakini si kusoma moyo wa mgonjwa wa miaka 78 aliyekuwa na dawa kumi na mbili, mabomba mawili na utambuzi wa aina tatu uliokuwa ukibishaniwa na madaktari wanne. Hata kama kesho Medicare itaanza kulipia, anayeijua kazi hiyo vizuri leo amekaribia kustaafu.